Siku 22 za baharia wa Lamu: Mombasa kwanza, nyumbani baadaye

Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006, ule ambao mabaharia huuita MLC, unampa baharia likizo ya malipo isiyopungua siku 2.5 kwa kila mwezi aliofanya kazi. Ukitoka na kandarasi ya miezi 9, haki yako ni siku 22 na nusu. Kenya iliuridhia mkataba huo 2014, kwa hiyo hesabu hii si ya hisani ya tajiri wa meli. Lakini siku 22 za mtu anayeishi Changamwe, Mombasa, si siku 22 za mtu wa Langoni, Lamu mjini, na si hata kidogo za mtu wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate. Barabara inakula zake, maji yanakula zake, na ofisi zinakula kuliko vyote viwili.

Kinachowapotezea wengi siku ni mpangilio. Baharia anashuka ndege, hamu ya nyumbani imemjaa, anapanda basi la asubuhi kwenda Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu. Anakaa wiki mbili kwa raha. Wakala wa kazi za meli anapiga simu kwamba meli imepatikana, leta vyeti. Hapo ndipo inagundulika cheti cha daktari kimebakisha miezi miwili. Basi tena Mombasa, siku nzima. Daktari, siku mbili. Kama na mafunzo yamekwisha muda, ongeza wiki. Likizo inaishia katika nyumba ya kupanga Mombasa, na watoto wapo ng'ambo ya Mokowe. Dawa yake ni moja: kila shughuli ya Mombasa imalizwe unapopita kwenda nyumbani, usingoje siku ya kurudi. Siku tatu au nne za subira mwanzoni zinauma, lakini zinaokoa wiki nzima mwishoni.

Karatasi zikaguliwe ukiwa bado melini, miezi miwili kabla ya kushuka. Usitazame tu tarehe ya mwisho, jumlisha. Cheti cha afya cha baharia hudumu miaka 2 kwa aliyetimiza miaka 18. Sheria inaruhusu kinachokwisha muda safarini kiendelee kufaa hadi bandari ijayo yenye daktari, mradi isizidi miezi 3, na wapo wanaoegemea hapo. Ruhusa hiyo ni ya mtu aliyekwisha kuwa baharini. Wakala anayekupandisha leo kwa miezi 9 atataka cheti kinachofika miezi 9 mbele, na ana haki. Kwa hiyo chenye chini ya miezi 10 kihesabu kimekufa. Nenda kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Majini, yaani KMA. Karatasi ya daktari mwingine yeyote, hata awe bingwa, haitakupandisha meli.

Vyeti vya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, vinachanganya watu kwa sababu si vyote vinavyorudiwa. Katika mafunzo ya msingi, yanayodai uthibitisho kila miaka 5 ni mbinu za kujiokoa baharini na kuzima moto. Waliosomea kuendesha maboti ya kuokolea nao wanaingia humo. Huduma ya kwanza ya msingi na usalama wa mtu binafsi havina masharti hayo, ingawa kampuni nyingine hudai kwa kanuni zao wenyewe. Tangu Januari 1, 2026 somo la usalama wa mtu binafsi na mahusiano ya kijamii limeongezewa sehemu ya kuzuia unyanyasaji na uonevu melini, ukiwemo wa kingono. Anayesoma upya aulize kama chuo chake kinaifundisha. Nafasi za darasa la marudio hazingojei mtu. Andika barua pepe chuoni ukiwa baharini, taja wiki unayotarajia kushuka, na omba nafasi mbili za tarehe tofauti, maana meli kuchelewa siku tano bandarini ni jambo la kawaida.

Pasipoti ya Kenya hudumu miaka 10, na hapa pia jumlisha. Nchi nyingi na mashirika mengi ya ndege hutaka iwe na miezi 6 mbele. Miezi 6 hiyo na 9 ya kandarasi ni 15. Ikiwa imebakiza chini ya mwaka na nusu, ibadilishe sasa. Maombi na malipo hufanywa eCitizen, hata ukiwa melini kama intaneti inaruhusu, lakini alama za vidole na picha zinakudai wewe mwenyewe ofisini. Chagua tarehe ya miadi inayoacha siku mbili tatu baada ya kutua. Tazama na kurasa: baharia humaliza kurasa kabla ya miaka, kwa hiyo usichukue kitabu chembamba ili kuokoa shilingi chache. Cheti cha homa ya manjano hakina haja ya kurudiwa. Tangu Julai 2016 chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka 10. Ukikutana na ofisa anayebisha, mwonyeshe kanuni kwa upole. Asubuhi ya safari si wakati wa kushindana.

Kwa meli itakayopandiwa Marekani unahitaji viza ya C1/D, ile ya wapita njia na mabaharia, na mahojiano yake ni Nairobi. Hapo ndipo mpango wote wa siku 22 huvunjika, kwa sababu tarehe ya ubalozi haifuati likizo yako. Mwambie wakala mapema.

Na pesa za wakala ziwekwe wazi. MLC inakataza baharia kutozwa ada yoyote ya kutafutiwa kazi. Anachoweza kulipa mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia, na pasipoti au hati za safari za aina hiyo. Viza imetajwa kwa jina: ni juu ya mwenye meli. Anayekuambia utoe laki moja ili jina lako lipande juu ya orodha, huyo hana meli. Vijana wa visiwani wanaliwa sana hapa, kwa kuwa wana haraka na Mombasa hawana mtu wa kuwaulizia.

Karatasi zikiisha, safari ya nyumbani. Basi la Mombasa kwenda Mokowe hupita Malindi, Garsen na Witu, na huchukua sehemu kubwa ya mchana. Vizuizi vya usalama vipo, na safari ya usiku usiitegemee. Lami imefupisha mambo sana, lakini mto Tana haujasoma ramani ya lami: mwishoni mwa 2023 na katika masika ya 2024 maji yaliikata barabara maeneo ya Lango la Simba. Likizo ikiangukia Aprili, Mei au Novemba, weka siku mbili za akiba. Anayeruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, atazame mzigo. Ndege ndogo za Lamu kwa kawaida huruhusu kilo 15, na wewe umetoka ng'ambo na tiketi ya baharia yenye kilo 40 au zaidi. Viatu vya kazi, ovaroli na vitabu viachwe kwa ndugu Mombasa, utavipitia ukirudi. Zawadi nzito zipande basi. Kutoka uwanja wa Manda au gati la Mokowe ni boti, kisha mkokoteni au punda, na bei ipatanwe kabla mzigo haujaguswa.

Wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini wana hesabu moja zaidi, ya maji. Boti za abiria huondoka Lamu kulingana na maji, kwa sababu mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, hupitika vizuri maji yakijaa. Ukifika Lamu maji yakiwa yameanza kupwa, umelala Lamu. Kabla ya kukata tiketi ya Mombasa, muulize mtu wa nyumbani maji yanajaa saa ngapi siku hiyo, ujue kama unganisho lipo. Ukiwa na mwezi kichwani utakisia mwenyewe: maji kujaa huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku. Katika kusi kali, Juni hadi Agosti, boti zinazozunguka kwa nje zinaweza kukaa hata maji yakiwa mazuri.

Sasa nyumba. Hapa ndipo pesa nyingi za baharia huzama, na huzama vibaya kwa sababu ya haraka. Nyumba ya zamani ya Lamu ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu hufungwa ndani. Chumvi iliyomo katika jiwe husukuma kutoka nyuma, na baada ya misimu michache lipu hubanduka vipande vikubwa, mara nyingi kuanzia chini mpaka kiunoni. Fundi anapenda saruji kwa sababu hukauka kesho, nawe unaondoka wiki ijayo. Mwaka unaofuata unamlipa tena kwa ukuta uleule. Chokaa ndiyo dawa, lakini chokaa inataka muda: iliyochomwa huzimwa kwa maji, ikalowekwa katika pipa angalau wiki mbili kabla ya kutumika, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Mkono wa kwanza upumzike siku kadhaa, unyunyiziwe maji usikauke kwa pupa na kupasuka, ndipo uje wa pili. Ukianza siku uliyofika, likizo itakwisha chokaa ingali kwenye pipa. Piga simu kutoka melini mwezi mmoja kabla: fundi aloweke, abanje lipu mbovu, aache ukuta wazi upumue. Wewe ukifika unaanzia kwenye kupaka.

Dari la bapa likivuja, usikimbilie juu peke yake. Maji huteremka yakakaa pale boriti inapoingia ukutani, na ndipo inapooza, hali katikati yake ingali ngumu kama chuma. Chukua kisu chembamba, kichome kwenye ncha ya kila boriti karibu na ukuta. Kikiingia zaidi ya kidole, boriti hiyo ibadilishwe kabla ya kuziba juu. Mikoko huuzwa kwa korja, yaani vigogo 20, na kwa madaraja: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Daraja la boriti ni unene wa sentimita 11.5 hadi 13.5 hivi. Ukiagiza kwa simu bila kutaja daraja utaletewa mazio kwa bei ya boriti, na mazio mahali pa boriti yatapinda. Upana wa vyumba vya Lamu, wa karibu mita 2.5 hadi 3, umetokana na urefu wa boriti hizi. Anayetaka chumba kipana atafute njia nyingine ya kubeba dari, asiunge boriti mbili katikati ya hewa. Muuzaji awe na kibali cha misitu. Na nyumba ikiwa ndani ya mji wa kale, uliotajwa urithi wa dunia na UNESCO 2001, badiliko la nje linapita kwa watu wa Makumbusho ya Taifa. Barua hiyo nayo iandikwe kabla hujafika.

Makuti ni mepesi zaidi. Yasiwe na mwinamo wa kivivu. Chini ya nyuzi 45 maji hukaa badala ya kuteremka, na paa huoza mapema. Agiza mapema, maana kabla ya masika kila mtu anayataka.

Mafundi wana kalenda yao. Ramadhani kazi huishia adhuhuri, na ni haki. Mfungo Sita, wakati wa Maulidi ya Lamu, usimtafute fundi wala boti ya kukodi; keti usikilize matari kama watu wengine. Tukiulizwa, tunashauri kazi moja kwa likizo moja. Ukuta huu, au dari hili, au choo. Baharia anayefungua kazi tatu huondoka na nyumba yenye matundu matatu, na mke ndiye anayebaki akivutana na mafundi waliokwisha kulipwa.

Wengi wana na chombo: mashua ya kuvulia iliyo mikononi mwa ndugu, au dau lililopandishwa pwani likingoja mwenyewe. Mbao zilizokaa juani miezi hukauka na kuacha nyufa kati yake. Kosa la mwenye haraka ni kujaza kalafati, yaani pamba ya kuzibia, kwa nguvu mpaka ufa ushibe. Pamba inasukumwa, inapakwa sifa, yaani mafuta ya papa, chombo kinaonekana kizima. Kikirudi majini mbao hunywa maji na kuvimba, hazina pa kwenda, zinasukumana mpaka misumari inalegea kwenye mataruma, zile mbavu za chombo. Kalafati iingie kwa kipimo, imara bila kugongwa hadi mwisho. Kabla ya hapo mwagilia chombo kwa ndani siku mbili tatu, nyufa zijifunge zenyewe, ndipo uzibe zilizobaki. Kikiteremshwa kitavuja maji mawili matatu ya kwanza. Kiachwe pwani, kielee na kukaa, mtu akikomba maji. Usikipeleke mlango wa bahari siku ya kwanza.

Kupandisha na kuteremsha chombo kikubwa kunataka bamvua, yaani maji makubwa kabisa, na bamvua huja mara mbili tu kwa mwezi mwandamo, karibu na mwezi mchanga na mwezi mpevu, siku moja au mbili baada yake. Katika siku 22 una bamvua moja ya hakika, ya pili kwa bahati. Ukikosa hiyo ya kuteremsha, chombo kitakungoja kandarasi nzima. Kwa hiyo ukijua tarehe ya kushuka, tazama kwanza mwandamo, kisha mpe fundi wa chombo tarehe ya kuanza. Mashine ya nje ya boti iliyolala bila kutumika ioshwe kwa maji yasiyo ya chumvi, kabureta imwagwe petroli ya zamani iliyogeuka gundi, plagi mpya, na oili ya gia itazamwe: ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na sili ibadilishwe kabla ya kuiwasha.

Pesa. Soma hati yako ya mshahara uone mstari wa malipo ya likizo. Kampuni nyingi hulipa likizo hiyo kila mwezi ndani ya mshahara, maana yake ukiwa nyumbani hakuna kinachoingia. Anayengoja mshahara wa likizo uliokwisha kulipwa na kuliwa hujikuta akikopa wiki ya tatu. Tenga mapema matumizi ya siku zote, nauli ya kurudi Mombasa na ya kula siku tatu huko, uziweke mahali pasipoguswa na zawadi. Noti taslimu za dola 10,000 au zaidi hutangazwa unapoingia nchini. Ripoti ya kodi ya KRA mwisho ni Juni 30, hata kama huna cha kulipa. Kuchelewa ni faini isiyopungua shilingi 2,000 kwa mtu binafsi. Kama Juni itakukuta katikati ya Pasifiki, jaza unapopita nyumbani kuanzia Januari. Laini ya simu iachwe ndani ya simu nyumbani, iwekwe salio mara kwa mara. Laini isiyotumika hufungwa, na namba za siri za benki huja kwa hiyo hiyo.

Siku ya kwanza ya Lamu isiwe ya fundi. Kaa na mke au mama akutajie nani kafa, nani kaoa, nani kazaa tangu ulipoondoka. Kwenye msiba unakwenda kutoa mkono hata kama umepita miezi saba. Kutokwenda kunakumbukwa muda mrefu kuliko zawadi yoyote. Ziara za tanzia zimalizwe siku tatu za mwanzo, kwa mitaa, Langoni siku moja, Mkomani nyingine, ng'ambo au Shela siku yake. Wanaokuja kwako wapangiwe jioni baada ya isha. Usingizi utakuwa umevurugika kwa zamu za saa nne nne, na mchana utakusaliti. Kubali kulala adhuhuri wiki ya kwanza, uachane na kahawa ya barazani baada ya magharibi. Jino linalosumbua ling'olewe wiki hii ya kwanza pia, lipone kabla ya ndege. Jino la baharini halina daktari.

Lala ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza. Miezi mingi nje ya nchi hupunguza kinga ambayo mwili ulikuwa nayo dhidi ya malaria, na mzaliwa wa pwani aliyerudi anaweza kuugua vikali kuliko nduguye asiyeondoka. Dalili za aina kali huanza kwa kawaida siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa na mbu, wakati mwingine zaidi. Maana yake homa ya mbu wa wiki yako ya mwisho itakushika ukiwa melini, labda siku nne kutoka bandari ya karibu, na ofisa wa matibabu wa nchi isiyo na malaria atakupa dawa ya mafua. Ondoka Lamu siku mbili kabla ya ndege inayotoka Mombasa, siku tatu kama unatoka Pate, na beba vipimo vya haraka na dozi kamili ya dawa kutoka duka la dawa linaloaminika, pamoja na karatasi ya daktari ili isiulizwe forodhani. Ukipanda meli, mwambie ofisa huyo siku hiyo hiyo kwamba umetoka eneo la malaria, na kwamba homa yoyote ndani ya miezi mitatu ipimwe malaria kwanza.